Kovu la Uso na Jicho la Jirani

Katika viungo vyote vya mwili, uso ndio mtu aliopewa kwa masharti magumu. Mkono wake huuona, mguu wake huuona, hata mgongo wake huweza kuufikia kwa kuupapasa; lakini uso wake haupati kuuona ila kwa fadhila ya kioo, au ya maji yaliyotulia, au ya macho ya watu wengine. Mwenyewe huuchukua maisha yake yote, na wengine ndio wausomao. Kwa sababu hiyo uso unapopatwa na alama isiyofutika, huzuka swali ambalo halizuki juu ya goti wala kisigino: je, mtu ahuzunikaye kwa makovu ya uso wake ana haki ya kuhuzunika, au ameingiwa na majivuno? Na akitafuta dawa, anatafuta afya au anatafuta sifa?

Swali hili halikai vitabuni tu. Laweza kukutwa asubuhi yo yote huko Kilole, kata ya mji wa Korogwe katika mkoa wa Tanga. Ni mahali pa njia. Milima ya Usambara imesimama upande wa kaskazini, mto Pangani hupita ukielekea baharini, na barabara kuu iendayo Moshi huleta wasafiri mchana na usiku. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakavuta watu wa makabila mengi kuja kuishi pamoja na Wasambaa, Wazigua na Wabondei. Penye njia kama hapa nyuso hutazamwa sana, maana mgeni hana kitu kingine cha kujulikana nacho siku ya kwanza ila uso wake.

Na achukuliwe kwa mfano msichana mmoja wa huko, asiyekuwa fulani bali sura ya wengi. Alipokuwa na miaka 13 chunusi zilimtoka usoni. Alizikamua kwa kucha mbele ya kipande cha kioo, kama walivyofanya wenzake, na hakuna aliyemkataza. Sasa ana miaka 17. Chunusi zimepungua, lakini mashavu yamebaki na vishimo, na kati ya vishimo pana madoa meusi. Darasani huketi nyuma. Apigwapo picha hugeuza uso. Asemeshwapo huinamisha kichwa, na watu humwita mwenye haya, wakidhani kuwa wanamsifu.

Majibu matatu humjia msichana huyu. La kwanza ni la bibi yake: "Mjukuu wangu, uzuri wa mtu ni tabia, sura haijazi chungu." La pili ni la mchuuzi wa vipodozi gulioni: "Dada, chukua kopo hili, siku saba tu, uso utakuwa kama wa mtoto." La tatu, ikiwa bahati ipo, ni la tabibu: "Mwanangu, yapo yanayoweza kufanywa na yapo yasiyoweza, keti tuyapambanue." Bibi anasema kwa mapenzi, mchuuzi kwa faida, tabibu kwa elimu. Yafaa majibu haya yapimwe moja moja, kwa kuwa maisha ya kijana huweza kugeuka kwa jibu alishikalo.

Lakini kabla ya kupima majibu, jambo lenyewe lijulikane. Haki ya kwanza impasayo mwenye kovu ni watu kujua kweli ya asili ya kovu lake, kwa sababu mashtaka mengi hutungwa juu yake. Wapo wasemao kuwa hanawi. Wapo wasemao kuwa hula mafuta kupita kiasi. Wapo wanong'onao kuwa ni hamu ya ndoa imepanda usoni, na wapo wanaotafuta mkono wa adui aliyemroga. Mashtaka haya hufanana kwa jambo moja: yote humfanya mgonjwa kuwa mkosaji, au humtafutia mkosaji.

Kweli ni nyingine. Katika ngozi ya uso, kifua na mgongo vimo vijitundu vingi vyenye mizizi ya nywele, na kando ya kila kitundu kuna tezi ndogo itoayo mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto anapobalehe, homoni za mwili wake huziamuru tezi hizo kutoa mafuta mengi zaidi. Chembe za ngozi zilizokufa hushikamana na mafuta hayo na kuziba mlango wa kitundu. Bakteria ambao kwa kawaida huishi juu ya ngozi bila kumdhuru mtu huzidi humo ndani, na mwili hutuma askari wake kupigana. Vita hivyo ndivyo chunusi: uvimbe, joto, maumivu na usaha. Kunawa sana hakuzuii, maana mafuta hayatoki nje bali ndani. Na kusugua kwa nguvu huzidisha uvimbe. Chakula huweza kuwa na sehemu kwa baadhi ya watu, hasa kile chenye sukari nyingi, lakini hakitoshi kuwa shtaka. Urithi una nguvu zaidi: mtoto wa wazazi waliokuwa na chunusi nyingi ana hatari kubwa ya kuzipata. Vijana walio wengi duniani, weusi kwa weupe, matajiri kwa maskini, hupita katika mlango huu.

Vita vikiwa vidogo, ngozi hurudi kama ilivyokuwa. Vikiwa vikubwa, na vikipiganwa chini sana, nyama iliyo chini ya ngozi huharibika, na mwili hushona palipochanika kama fundi mwenye haraka. Ukishona pungufu, hubaki shimo. Ukishona kupita kiasi, huinuka kovu nene, ambalo mara nyingine hutambaa kupita mpaka wa kidonda chenyewe; na makovu ya namna hii huwapata zaidi watu wa ngozi nyeusi. Mashimo nayo si ya namna moja. Mengine ni membamba yaendayo chini kama tundu la sindano. Mengine ni mapana yenye kingo zilizosimama. Mengine ni mabonde yasiyo na kingo, kwa kuwa nyuzi zilizojifunga chini zinaivuta ngozi.

Tena doa si kovu. Ngozi nyeusi inapowaka kwa uvimbe hutoa rangi yake nyingi kuliko ilivyohitajiwa, na rangi hiyo hubaki kama kivuli baada ya chunusi kuondoka. Kivuli hicho hufifia chenyewe kwa miezi, na wakati mwingine kwa mwaka au zaidi, mradi kisichochewe kwa jua wala kwa kucha. Msichana wa Kilole, ambaye hajaambiwa tofauti hii, hutazama kioo na kuhesabu makovu 20, ilhali labda 12 kati ya hayo ni madoa ambayo wakati utayafuta. Ujinga huu mdogo humzidishia huzuni zaidi ya mara mbili. Hapa ndipo ionekanapo kuwa elimu yenyewe ni sehemu ya dawa, hata kabla chupa haijafunguliwa.

Sasa jibu la bibi lipimwe. Ni jibu la heshima, na wazee wamelilea kwa methali nyingi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni kweli kuwa uso laini haukuzuia mtu ye yote kuwa mwongo, na kwamba shavu lenye mashimo halikumzuia mtu kuwa mwaminifu. Historia ya nchi yenyewe humtetea bibi. Wakata mkonge wa mashamba ya Korogwe walikuwa na makovu mikononi, kwa kuwa jani la mkonge lina mwiba mkali nchani na utomvu wake huwasha ngozi. Makovu hayo hayakuwa aibu bali hati ya kazi. Katika mashamba hayo hayo walikuja pia Wamakonde kutoka kusini, baadhi yao wakiwa na chale usoni zilizochorwa kwa kisu na kutiwa weusi kwa makusudi, na kwao chale hizo zilikuwa pambo na alama ya utu uzima. Jirani yao asiyejua desturi hiyo aliziona za kuogofya. Ngozi ni moja, kisu ni kimoja, lakini macho ni mawili: moja lilisoma uzuri na moja likasoma ubaya. Basi kovu peke yake halina aibu wala sifa. Vyote viwili huletwa na atazamaye.

Ndui nayo ilifundisha somo hilo kwa ukali. Katika karne zilizopita ndui iliacha nyuso nyingi za Afrika, Asia na Ulaya zikiwa na mashimo. Mwaka 1562 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza aliugua ndui, na bibi mmoja wa baraza lake, Mary Sidney, alimwuguza. Malkia akapona. Mwuguzaji akaambukizwa, naye akabaki na makovu mabaya ya uso hata mumewe, aliporudi safarini, alisikitika kwa kuona jinsi sura ya mkewe ilivyobadilika. Makovu yale yalikuwa risiti ya huruma yake, lakini walimwengu hawakuyasoma hivyo. Ugonjwa wenyewe umekwisha duniani: mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida aliupatia Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa. Ndui imekufa, jicho lililomdharau Mary Sidney lingali hai.

Hapo ndipo jibu la bibi lipungukapo. Bibi husema kweli juu ya thamani ya mtu, lakini hasemi neno juu ya maumivu yake. Mkata mkonge alijua kazi iliyompa kovu. Mmakonde alichagua chale zake, na kabila lake lilimpigia makofi. Msichana hakufanya kazi ya kupata vishimo vyake, wala hakuvichagua, wala hapana anayempigia makofi. Kumwambia kuwa sura si kitu, katika kijiji ambacho watu wote huitazama sura, ni kumwambia mwenye njaa kuwa chakula cha roho ni bora kuliko ugali. Neno ni kweli, lakini tumbo halikushiba. Zaidi ya hayo, bibi humdhania majivuno bila kumhoji. Majivuno na huzuni ya kovu ni vitu viwili vilivyo mbali. Mwenye majivuno hutaka atazamwe; mwenye kovu aghalabu hutaka asitazamwe, apite njiani kama wapitavyo wengine, anunue chumvi na kurudi nyumbani. Yule anataka zaidi ya haki yake. Huyu anataka haki yake tu.

Jibu la pili ni la mchuuzi. Mchuuzi ana sifa moja ambayo bibi hana: ameyasikia maumivu. Hakumcheka msichana, wala hakumhubiri. Alimwita dada akamwambia kuwa shida yake ina dawa. Ndiyo sababu hushinda mara nyingi. Lakini hilo kopo lina nini ndani yake? Vipodozi vya kung'arisha ngozi viuzwavyo kwa siri, bila jina la aliyevitengeneza na bila orodha ya vilivyomo, vimekutwa mara kwa mara katika nchi nyingi vikiwa na sumu za namna tatu.

Ya kwanza ni zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na kwa hiyo huonekana kama inafuta madoa; lakini hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba huweza kumpitishia mtoto tumboni. Madhara ya zebaki yalijulikana kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ilitangazwa kuonekana kwa maradhi mapya yaliyoletwa na samaki waliokula zebaki ya kiwandani. Mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 uliopewa jina la mji huo ulitia vipodozi vyenye zebaki katika vitu vya kuondolewa sokoni. Ya pili ni hidrokwinoni, dawa ambayo tabibu huweza kuitumia kwa kipimo na kwa muda, lakini ikipakwa kiholela kwa miaka huleta weusi wa rangi ya majivu ya samawati usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza madhara hayo mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi. Ya tatu ni steroidi kali. Hii hushusha uvimbe upesi sana, na siku saba za mchuuzi huwa kweli. Lakini baada ya wiki nyingi ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, na chunusi mpya hutoka kwa wingi kuliko za kwanza. Msichana akiacha kupaka, uso huwaka. Akirudi kupaka, hutulia kidogo. Hapo amekuwa mtumwa wa kopo.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye sumu, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Sheria ni ngao njema, lakini haiwezi kusimama katika kila gulio. Na hata ikisimama, itamkamata mchuuzi na kumwacha dalali wake. Dalali wa biashara hii ni aibu. Mchuuzi hakuitengeneza, aliikuta tayari imo moyoni mwa msichana, imetiwa na wenzake darasani, na shangazi aliyeuliza mbele ya wageni, "Mwanangu, huo uso umepatwa na nini?" Kila neno la namna hiyo ni shilingi iendayo kwa mchuuzi. Kijiji kinachocheka asubuhi na kulaani vipodozi vya sumu jioni hakijui kuwa ni mkono mmoja unaofanya kazi zote mbili.

Jibu la tatu ni la tabibu, nalo halina utamu wa jibu la pili. Tabibu husema kwanza kuwa kinga ni bora kuliko tiba: chunusi zikitibiwa mapema, makovu mengi hayatokei kamwe. Dawa za kupaka za jamii ya retinoidi hufungua vitundu. Benzoili peroksaidi huua bakteria. Asidi ya azelaiki husaidia chunusi na madoa pamoja. Hakuna hata moja ifanyayo kazi kwa siku saba. Huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa kuwa imefaa au haikufaa, na mwanzoni huweza kukausha ngozi hata mgonjwa akadhani anaharibika. Kwa chunusi kubwa zilizokaidi iko isotretinoini ya kumeza, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1982. Ni dawa yenye nguvu, lakini huleta ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, na kwa hiyo haipasi kuguswa na mwanamke ila chini ya uangalizi wa daktari na kinga thabiti ya mimba. Nao ushauri wa kila siku ni mwepesi: kucha zikae mbali na uso, na uso ukingwe na jua kwa kofia, mtandio au mwavuli, maana jua huyatia madoa nguvu.

Kovu likiisha kutokea, tabibu hufanya kazi ya fundi arekebishaye ukuta uliokwisha kukauka. Kwa mashimo membamba hutia tone la asidi kali ndani ya kila tundu, ili ngozi ijijenge upya kutoka chini. Kwa mabonde huingiza sindano chini ya ngozi na kukata nyuzi zinazoivuta. Kwa uso mpana hupitisha sindano nyingi nyembamba ili kuamsha kolajeni, ambayo ndiyo uzi wa ngozi. Kovu lililoinuka hudungwa steroidi kwa kipimo, na hapa dawa ile ile iliyokuwa sumu mkononi mwa mchuuzi huwa rehema mkononi mwa mjuzi. Mashine za leza zipo pia, ila katika ngozi nyeusi zinahitaji mkono mwangalifu, kwa sababu zikikosewa huacha weusi mpya. Na mtu ambaye ngozi yake huvimba makovu hana budi kulisema hilo mapema, ili tiba isimletee kovu jingine. Juu ya yote tabibu mkweli husema neno ambalo mchuuzi hawezi kulisema: makovu hupungua, hayafutiki yote.

Kwa mtu wa Kilole njia ya kumfikia tabibu wa namna hiyo si ya kufikirika tu. Huanza zahanati na Hospitali ya Magunga pale Korogwe. Shida ikizidi, barabara ile ile iletayo wageni huenda Moshi, ambako mwaka 1992 kilianzishwa, penye hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Nauli ni mzigo, na kungoja ni mzigo. Lakini gharama ya makopo ya miaka mitatu, ikihesabiwa pamoja na madhara yake, mara nyingi si nyepesi kuliko mizigo hiyo.

Hapa mtu mwenye busara huweza kusimama na kupinga. Atasema: Korogwe ni mahali ambapo watoto wamekufa kwa malaria. Ilikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S katika majaribio makubwa yaliyoanza mwaka 2009, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri chanjo hiyo itumiwe. Mahali ambapo mizani ya tabibu imepima uhai wa watoto wachanga, ni nani athubutuye kuweka chunusi juu ya mizani hiyo hiyo? Je, si dhambi kumchukulia daktari saa yake moja kwa ajili ya shavu?

Pingamizi hili ni zito, na halifai kujibiwa kwa wepesi. Ni kweli kwamba uhai hutangulia uso, na hospitali yenye kitanda kimoja haina budi kumpa mwenye homa. Lakini kutangulia si kufuta. Mtoto akila kwanza, haimaanishi kuwa mzazi hana njaa. Huruma haipimwi kwa debe moja ambalo akichota huyu hukosa yule. Mara nyingi mtu aliyefunzwa kuyasikia maumivu madogo huyasikia makubwa mapema zaidi. Tena maumivu haya si madogo kama yadhaniwavyo. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kuwa wenye chunusi hupatwa na huzuni na wasiwasi zaidi ya wasio nazo, na wengine hufikia kukata tamaa ya kuishi. Kijana aachaye shule kwa kuogopa kutazamwa amepoteza kitu ambacho hakuna chanjo itakayomrudishia. Na mwisho, msaada mkubwa kuliko wote katika jambo hili hauhitaji kitanda wala saa ya daktari: ni mwalimu kusema mapema "usikamue", mzazi kusema "twende zahanati", na kijiji kufunga mdomo wake.

Basi swali la kwanza laweza kurudiwa sasa. Mwenye kovu ana haki ya kuhuzunika, kwa kuwa amepoteza kitu cha kweli, yaani ruhusa ya kupita bila kutazamwa. Ana haki ya kutafuta dawa, kama ilivyo haki ya mwenye meno yaliyooza au mguu uliopinda. Lakini haki hiyo ina wajibu pembeni yake. Awe mkweli kwa nafsi yake na atambue akitafutacho: akitafuta ngozi iliyo nafuu, ataipata kwa kiasi, akitafuta uso ambao hapana mtu atakayeudharau, hataupata kwa dawa yo yote, maana uso huo haujaumbwa. Awe mvumilivu, kwa kuwa haraka ndiyo iliyomfikisha kwenye kucha, na haraka ndiyo itakayomfikisha kwenye kopo. Wala asifiche shida yake mpaka imharibu. Mficha uchi hazai.

Na jirani ana wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye mwenye jicho. Kovu lina nusu mbili. Nusu moja imo katika ngozi, nayo ni kazi ya tabibu. Nusu ya pili imo katika macho ya watu, nayo hakuna tabibu awezaye kuitibu kwa sindano. Mtu akimtazama mwenye kovu kama amtazamavyo mwingine, akamwuliza habari za masomo yake badala ya habari za mashavu yake, amekwisha kutibu nusu ya maradhi bila kutumia senti. Haimpasi kumsifu kwa uzuri asio nao, maana sifa ya uongo ni dhihaka iliyovaa kanzu. Yatosha kuacha kumpunguzia heshima aliyo nayo.

Yamkini msichana wa Kilole atakwenda zahanati. Yamkini kwa mwaka mmoja madoa yake yatafifia, na baadhi ya vishimo vitakuwa si virefu kama vilivyokuwa. Vingine vitabaki, naye ataolewa navyo, atafundisha navyo, atazeeka navyo. Siku moja mjukuu wake atakuja mbele yake na uso uliofura chunusi, akilia. Siku hiyo atakuwa na la kumwambia. Atamshika mkono, atauondoa usoni, na kumwambia: "Mjukuu wangu, tabia ni bora kuliko sura, hilo ni kweli. Lakini usikamue. Kesho tutakwenda pamoja kwa daktari." Jibu la bibi litakuwa limekamilika.